Tiketi ya Wifi

Maige aliingia bila kubisha hodi, na hilo peke yake lilitosha kumshtua Odeta. Pamoja na mapenzi yao yote, mwanaume huyu hakuwahi kuvuka mlango wa ofisi yake pale Mkuyuni bila kusimama nje kwanza na kuomba ruhusa. Leo alikuja moja kwa moja mpaka katikati ya chumba, kofia mkononi, macho mekundu, viatu vimejaa mchanga wa ufukweni.

"Siyo yeye," alisema.

"Nani siyo yeye?"

"Wavuvi wameopoa mwili wa msichana kule Igogo asubuhi hii. Nikapigiwa simu niende nikautambue kama ni wa mdogo wangu." Alimeza mate. "Nimeutazama, Odeta. Siyo Winnie."

Kisha akajitupa kwenye kiti cha wateja, mtu mwenye mabega ya kubebea injini za boti, akalia kama mtoto.

Odeta aliizunguka meza, akakishika kichwa chake na kukilaza kifuani pake. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Yalikuwa machache, hata mtoto angeweza kuyasema: Winnie hakuzama, Winnie yuko Doha, na mimi ndiye niliyemkatia tiketi. Akafumbua mdomo.

"Habari za hapa? Samahani jamani, nauli ya ndege ya kwenda Dar ni shilingi ngapi siku hizi?"

Alikuwa mama mmoja mnene, amesimama mlangoni na mkoba wake. Maige alijifuta uso haraka kwa kiganja. Odeta akarudi nyuma ya meza, akamkaribisha mama yule, akamweleza kuhusu ndege ya asubuhi na ya jioni, mizigo na watoto, kwa sauti ile ile tamu iliyomfanya apate wateja. Moyoni aliona afueni. Na aliionea haya afueni ile.

Mama alipoondoka, Maige alikuwa amekwisha simama.

"Mama anakuita Busisi. Hali, halali. Anasema anataka wewe uwe naye. Funga ofisi twende."

Odeta alifunga ofisi.

Kazi ya tiketi Odeta aliijulia kwa Mzee Sadru, kwenye wakala wake wa safari katikati ya mji. Alipoamua kujitegemea, mzee yule hakununa. Alimwita ofisini kwake, akamwagizia chai, akamwambia, "Odeta, kompyuta kila mtu atajifunza. Kufunga mdomo, hiyo ndiyo kazi. Mteja akija kukata tiketi na mume wa mtu, wewe umeuza tiketi mbili, basi. Usiulize, usiseme." Odeta alicheka, lakini maneno yale aliyashika.

Mwanzoni simu ilikaa kimya mpaka akawa anajipigia mwenyewe kuona kama inafanya kazi. Aligawa namba yake saluni, kanisani, kwenye foleni ya meli ya Ukerewe, hata msibani. Alimpata mteja mmoja, akampoteza, akapata wawili. Huko huko katika kuhangaika ndiko alikokutana na Maige, aliyetaka kwenda Dubai kutafuta vipuri vya injini. Maige hakwenda Dubai mwaka ule. Lakini alirudi ofisini pale mara nyingi kuuliza habari za Dubai, mpaka Odeta akaelewa.

Mama yake Maige hakumtaka. "Msichana wa Bukoba tena anauza safari," alimwambia mwanawe. "Wa namna hiyo atatulia nyumbani lini?" Na asingemtaka kabisa kama si hija ya Namugongo, kule Uganda. Akina mama wa parokia walitafuta mtu wa kuwapangia safari, Maige akampendekeza mchumba wake, na mama akakubali kwa shingo upande. Kule Mutukula bibi mmoja akagundua ameacha hati yake ya kusafiria nyumbani. Wenzake walikuwa na haraka ya kuendelea. Odeta aliwaruhusu watangulie, yeye akabaki mpakani na yule bibi, wamekaa juu ya begi, akahangaika ofisi moja hadi nyingine mpaka wakavuka wote wawili. Mama Maige alisimuliwa na bibi yule yote yale. Waliporudi, akawa ndiye mpiga debe wa Odeta. Harusi, misiba ya mbali, wagonjwa wa kupelekwa Muhimbili, kila mwenye safari kuanzia Sengerema hadi Geita alipewa namba ya Odeta. "Piga kwa mkwe wangu," aliwaambia. Wateja wengi wa Odeta walikuwa wateja wa mama yule.

Basi ndipo Winnie alipokuja, mchana mmoja, akaweka pasipoti mezani.

"Wifi, leo sikuja kama wifi. Nimekuja kama mteja."

Alikuwa amepata kazi ya hoteli Doha. Odeta aliusoma mkataba wote, akapiga simu hotelini, akajiridhisha kwamba kazi ipo na ni ya heshima. Shida haikuwa kazi. Shida ilikuwa Chenge, mwenye vizimba vya samaki, ambaye baba mdogo Ndalahwa alikwisha pokea ng'ombe wake wa mahari ya Winnie.

"Waambie kwanza nyumbani," Odeta alimsihi.

"Nikiwaambia, pasipoti hii itachomwa moto jikoni. Wifi, unamjua baba mdogo. Nikatie. Nikishuka tu kwenye ndege nitampigia mama mwenyewe, nakuapia."

Odeta akamkatia ya jioni ile ile.

Siku iliyofuata Maige alipiga simu kuuliza kama amemwona Winnie, maana hakufika kwa shangazi yake wa Nyakato alikoaga kwamba anakwenda. Odeta akajibu, "Hapana, sijamwona." Alijiambia ni uongo wa siku moja tu, jioni Winnie atapiga simu, na yote yatajieleza. Jioni ikapita. Winnie hakupiga. Ujumbe aliomwandikia haukumfikia. Na uongo ule wa siku moja ukawa umekaa kooni kama mwiba wa sato, kila siku unazidi kuingia ndani.

*

Maige aliendesha pikapu yake kimya mpaka walipopita Usagara. Walipoliingia daraja, ziwa likafunguka pande zote mbili, jeupe kwa jua la mchana, naye akaanza kuzungumza bila kumtazama.

"Unajua nini kilinituliza siku ile ya kwanza? Ni sauti yako. Nilisema, kama hata Odeta hajui, basi Winnie hajaenda mbali. Yule mtoto asingekwenda popote bila kukwambia wewe kwanza. Anakupenda kuliko anavyonipenda mimi."

"Maige, simamisha gari."

"Unaumwa?"

"Simamisha tu, nina neno."

"Hapa darajani hawaruhusu kusimama. Subiri tuvuke."

Walipovuka, simu ya Maige ikaita; ilikuwa polisi, kisha shangazi, kisha baba mdogo. Odeta alisubiri. Alikuwa na nafasi ya kumshika mkono na kumwambia akate simu. Hakumshika. Alitazama migomba na mabati ya Busisi yakija mbele yake, akajichukia.

Uwanja wa nyumbani ulikuwa umejaa watu. Akina mama wa parokia, wale wale wa Namugongo, walikaa kwenye mikeka na rozari mikononi. Walipomwona, walinyanyuka mmoja mmoja kumshika mikono. "Pole, mwanetu." "Pole na wewe, unavyompenda wifi yako." Bibi yule wa Mutukula alimbusu paji la uso. Kila pole iliyompata ilimchoma.

Mama Maige alikuwa chumbani kwa Winnie, ameketi kitandani, kanga imemlegea mabegani. Alikuwa amekonda kwa siku zile chache.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango." Alimvuta akaketi karibu yake, akamshika mkono kwa vidole vyake vikavu. "Hawa wote wananificha. Nimesikia kuna mwili umetolewa ziwani. Niambie wewe. Ulikuwa wa nani?"

"Hakuwa Winnie, mama."

"Umeuona kwa macho yako?"

"Maige ameuona."

"Maige anaweza kunidanganya ili nisife kwa presha. Ni mwanangu, namjua." Akaukaza mkono wa Odeta. "Wewe huwezi kunidanganya. Ndiyo maana nimekuita."

Odeta aliuchomoa mkono wake taratibu. Akateleza kutoka kitandani mpaka sakafuni, akapiga magoti.

"Mama, naweza. Nimeshakudanganya."

"Unasema nini?"

"Winnie alikuja kwangu. Amekwenda Doha kufanya kazi hotelini. Tiketi nilimkatia mimi. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Mlango ukafunguka. Maige alikuwa amesimama pale, glasi ya maji ya mama yake mkononi. Ilikuwa wazi usoni pake kwamba amesikia.

Mama hakupiga kelele. Alimwinamia Odeta, uso kwa uso, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Yuko hai?"

"Alipanda ndege, mama. Hilo nina uhakika nalo. Lakini aliahidi kupiga simu akishuka, hajapiga. Simu yake haipatikani. Nadhani yuko hai. Sijui, mama. Sijui."

"Hujui!" Sasa sauti ilitoka, na nje rozari zikanyamaza. "Umemtoa mtoto wangu humu ndani, na hujui!"

Baba mdogo Ndalahwa aliingia akimsukuma Maige pembeni. "Nilisema mimi! Nilisema huyu mwanamke ataivunja nyumba hii! Ng'ombe za watu ziko zizini, mahari imepokelewa, na yeye anauza mabinti kwa Waarabu!"

"Sikumuuza, baba mdogo. Mkataba niliusoma. Hotelini nilipiga simu, nina namba yao."

"Piga," alisema Maige. Ndilo neno la kwanza alilotamka. Hakumtazama. "Piga sasa hivi, sisi tukisikia."

Odeta alikosea kubonyeza namba, akarudia. Aliiweka simu kitandani, sauti wazi. Ikaita. Ikaita tena. Akina mama walikuwa wamejazana mlangoni. Dada mmoja Mkenya akapokea, yule yule aliyezungumza naye mara ya kwanza.

"Winnie wa Tanzania? Eeh, ako. Ako kwa training. Si mngoje nimuitie?"

Mama Maige alijifunika mdomo kwa kanga. Zilisikika hatua, mlango, vicheko vya wasichana, kisha sauti nyembamba, yenye woga.

"Haloo?"

"Winnie!"

"Mayu? Mama, ni wewe?"

Nje mama mmoja alipiga kigelegele, mwingine akamnyamazisha. Mama Maige alilia, akacheka, akalia tena, akiiita simu ile jina la mwanawe kana kwamba angeweza kuishika na kuipakata.

"Kwa nini hukupiga, Winnie? Kwa nini?"

"Simu iliibwa uwanja wa ndege, mayu." Sauti yake ikashuka. "Lakini namba yako naijua kwa kichwa. Dada wa hapa alinipa simu yake, nikashindwa. Nilijua nikisikia sauti yako nitarudi nyumbani. Nikajua wifi amekwisha waambia. Nikasema, acha hasira zipoe kwanza."

Odeta alifumba macho. Yeye alinyamaza akimsubiri Winnie aseme, na Winnie alinyamaza akijua Odeta amesema. Katikati yao mama mtu alikuwa anasali rozari ya marehemu.

"Leo kaka yako amekwenda kutazama mwili wa mtoto wa watu," mama alisema polepole. "Amefunua shuka akitegemea kukuona wewe."

Kilio cha Winnie kilijaza chumba. Maige aliiweka glasi chini, akatoka.

Waliongea mama na mwana mpaka salio likakaribia kwisha. Alipomaliza, Mama Maige alijifunga kanga yake vizuri, akamgeukia shemeji yake.

"Ndalahwa, kesho warudishe ng'ombe wa Chenge."

"Shemeji, aibu hiyo..."

"Leo nimemzika mwanangu moyoni, nikamfufua. Unazungumza na mimi habari za aibu? Warudi kwao."

Ndalahwa akatoka akinung'unika. Odeta alikuwa bado magotini.

"Mama, nisamehe."

"Nenda nyumbani, Odeta."

"Mama..."

"Sijasema sikusamehe. Nimesema nenda. Siwezi kukutazama leo."

*

Alipita katikati ya akina mama, na safari hii hakuna aliyemshika mkono. Maige alikuwa ameegemea pikapu, mgongo kwa nyumba.

"Nilishakwambia kwamba mteja akinipa siri..." Odeta alianza.

"Usinipe habari za Mzee Sadru." Aligeuka. "Winnie alikuomba usiseme, sawa. Ungeniambia tu kwamba yuko salama, usiniambie yuko wapi. Hilo nalo lilikuwa siri ya mteja?"

"Hapana."

"Asubuhi umeniona nikilia mbele yako. Kwa nini hukuniambia hata pale?"

"Aliingia mteja."

"Mteja," Maige alirudia taratibu.

"Ukweli ni kwamba niliogopa, Maige. Nilijiambia naitunza kazi yangu, lakini nilikuwa najitunza mimi. Niliogopa mama atanikataa tena. Niliogopa akina mama hawa wataondoka na safari zao. Niliogopa hata kupiga hotelini, nisije nikaambiwa hakufika. Niliogopa kukupoteza wewe kuliko vyote. Nikaendelea kunyamaza, na kila siku ikawa ngumu zaidi kuliko jana yake."

Upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha skafu ya Odeta. Siku nyingine Maige angeishika na kumrudishia mabegani. Leo aliiangalia tu.

"Mimi ningekusamehe kumkatia tiketi," alisema. "Hata kumficha. Lakini ulinishika kichwa hivi, ukanibembeleza kwa ajili ya kifo ulichojua hakipo. Hapo sijui nifanyeje."

Alimwita kijana wa teksi aliyemfahamu, akamfungulia mlango wa nyuma, akaufunga Odeta alipokwisha ingia. Alifanya yote hayo kwa upole. Laiti angempigia kelele.

*

Wiki zilizofuata simu ilirudia ukimya wake wa zamani. Mwenyekiti wa akina mama alipiga mara moja, kwa adabu, kusema hija ya mwaka huu wametafuta mtu mwingine. Odeta alimshukuru. Hakujitetea, wala hakuwatumia ujumbe wa kuwabembeleza kama alivyofundishwa kufanya mteja akitaka kuondoka. Kila asubuhi alimwandikia Winnie kwenye namba yake mpya, na Winnie alimjibu kwamba anapiga nyumbani kila jioni. Kwa Maige aliandika mara nyingi, akafuta mara zile zile.

Siku moja mchana, alipoinua macho kutoka kwenye kompyuta, Mama Maige alikuwa amesimama mbele yake. Amevaa gauni la kitenge la Jumapili, amejitanda mtandio. Odeta aliinuka mpaka kiti kikaanguka nyuma yake.

"Shikamoo, mama. Karibu, mama."

"Marahaba. Nataka kwenda kumwona mwanangu huko aliko. Nione anapolala, nione anachokula. Nimeshapata pasipoti." Aliitoa kwenye bahasha. "Nikatie."

"Mimi?"

"Umesikia."

"Mama, baada ya yale niliyokufanyia..."

"Nimefikiria sana, Odeta. Kama wakala, nakuamini. Mwanangu ulimsomea mkataba, ukampigia mwajiri, ukamweka mahali pazuri. Baba yake mdogo asingefanya nusu ya hayo. Kama mkwe," akatikisa kichwa, "kama mkwe bado najiuliza. Mkwe akijua jambo linaloniua, anipigie usiku huo huo. Hata kama kazi yake itakufa."

"Nimeelewa, mama."

"Elewa hivyo hivyo. Sasa kata tiketi."

Odeta alikaa, akaanza kazi. Machozi yalimdondokea kwenye vitufe, akayafuta kwa kiwiko, akauliza tarehe, akauliza chakula anachopenda ndani ya ndege. Mama Maige alikuwa hajawahi kupanda ndege. Aliuliza kama kuna choo, na kama anaweza kubeba dagaa wa Winnie. Odeta alimjibu yote, akampangia kiti cha dirishani, akachapa karatasi.

"Nani amekuleta mjini, mama?" hatimaye alithubutu kuuliza.

"Maige. Yuko nje kwenye gari. Amesema hashuki." Mama alijiegemeza, akanyoosha miguu yake. "Lakini mawakala wamejaa mji huu, na ndiye aliyeniegeshea mbele ya mlango wako bila kuambiwa. Mpelekee hiyo karatasi aisome. Mimi miguu inaniuma."

Odeta alitoka na karatasi mkononi. Maige alishusha kioo. Alikuwa hajanyoa ndevu, na alionekana kuchoka kwa namna ambayo Odeta aliijua, maana ndivyo kioo chake mwenyewe kilivyomwonyesha kila asubuhi.

"Tiketi ya mama," alisema. Kisha, kabla ujasiri haujamtoka, "Nilikudanganya, Maige. Sina sababu nzuri ya kukupa. Sitakuomba usahau."

Maige aliipokea, akaisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Atabadilisha ndege Dar?"

"Ndiyo."

"Peke yake? Hajui hata ngazi za umeme."

"Hakuna aliyeomba kumsindikiza."

Mbele yao mwanamke alipita na beseni la ndizi kichwani, akiita wateja.

"Mimi sina pasipoti," Maige alisema. "Ile ya Dubai sikuifuatilia."

"Naweza kukuelekeza pa kuanzia."

Aliikunja karatasi ile kwa uangalifu, akaiweka juu ya dashibodi. Halafu akamtazama Odeta machoni, mara ya kwanza tangu Busisi. Hakutabasamu. Macho yale yalikuwa bado na jeraha, na Odeta hakugeuza uso pembeni.

"Basi nielekeze," alisema, akanyoosha mkono, akafungua mlango wa upande wa pili.

Odeta alizunguka mbele ya gari, moyo ukimdunda, akaingia.